Spedan Lewis: Tajiri Aliyewaachia Wafanyakazi Duka Lake

Wanafunzi wa somo la biashara hufundishwa mapema kwamba kila kampuni ina mwenyewe. Mwenyewe huyo aweza kuwa mtu mmoja, aweza kuwa kikundi cha wabia waliochanga mtaji, au maelfu ya wenye hisa wasiojuana kwa sura wala kwa jina, au serikali. Kisha huja zamu ya ushirika, na hapo mwalimu huwataja wakulima wa kahawa waliojiunga ili wauze mazao yao pamoja, au wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844 ili wanunuzi wenyewe wawe ndio wenye duka. Katika orodha hiyo yote ni nadra kutajwa kampuni ya namna nyingine, ambayo mwenyewe ni yule yule anayepiga deki, anayesimama nyuma ya meza ya kuuzia, anayeendesha lori na anayejaza daftari za hesabu.

Kampuni ya namna hiyo ipo, tena ina umri wa karibu karne nzima. Aliyeiasisi ni John Spedan Lewis, mtoto wa tajiri wa London, aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1885. Nathubutu kuyasimulia maisha yake kwa walimu na wanafunzi, si kwa sababu alikuwa mtakatifu, maana hakuwa, bali kwa sababu alilijibu kwa vitendo swali ambalo wakuu wengi wa kazi hulijibu kwa hotuba tu: mfanyakazi atafanywaje hata aione kazi kuwa mali yake?

Siku hizi umezuka mtindo wa kampuni kuwagawia wafanyakazi wake hisa kidogo, kisha kuwatangazia kwamba tangu siku hiyo wao ni wenye mali. Mfanyakazi hupokea karatasi, huitazama, huitia sandukuni au huiuza palipo na mnunuzi, na kesho yake hurudi kazini akiwa mtumwa wa saa na wa msimamizi kama alivyokuwa jana. Spedan Lewis alianza kwingine kabisa. Karatasi za umiliki zilikuja mwisho.

Baba yake, mzee John Lewis, hakurithi chochote. Alizaliwa mwaka 1836 katika mji mdogo wa Shepton Mallet, jimbo la Somerset, akafiwa na wazazi wote wawili angali mtoto. Jina Spedan, ambalo alimpa mwanawe wa kwanza, lilitokana na Speed, jina la ukoo wa jamaa aliyemlea. Akiwa kijana alifunzwa kazi katika duka la vitambaa, akahamia London, akawa mnunuzi wa hariri katika duka la mtu mwingine, na mwaka 1864 akafungua duka lake dogo katika barabara ya Oxford Street. Mauzo ya siku ya kwanza hayakufika hata pauni moja. Miongo minne baadaye duka hilo lilikuwa limeyameza majengo ya jirani na kuwa miongoni mwa maduka yaliyojulikana sana jijini.

Kwa wanunuzi mzee huyo alikuwa mwaminifu, na bei zake zilisifika. Kwa wafanyakazi alikuwa simba. Mishahara ilikuwa duni, na mtu aliweza kupigwa kalamu papo hapo kwa kosa dogo au bila kosa. Enzi hizo wauzaji wa maduka ya London aghalabu waliishi katika mabweni ya mwajiri na kula chakula cha mwajiri, hata yule aliyefutwa kazi asubuhi hakuwa na pa kulala jioni. Ukaidi wa mzee Lewis haukuwaelekea wanyonge peke yao. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 67, alikosana na bwanyenye aliyemiliki ardhi ya duka lake, akaidharau amri ya mahakama, akakubali kutiwa katika gereza la Brixton kwa wiki tatu kuliko kunyenyekea. Mtu aliyekuwa radhi kwenda jela kwa ajili ya haki zake juu ya jengo asingeelewa kwa urahisi mwana aliyetaka kuligawa jengo lenyewe.

Wahenga walinena kuwa mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Nina wa Spedan, Eliza Baker, alikuwa mwalimu, naye alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kusoma katika chuo cha Girton huko Cambridge, wakati ambapo wengi waliona elimu ya juu kwa mwanamke kuwa ni kichekesho. Sina ushahidi kwamba ndiye aliyempa mwanawe fikra za usawa, lakini walimu watanisamehe nikiushuku mkono wake.

Spedan alisoma katika shule ya Westminster, akaingia katika duka la baba yake mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 19. Alipofikisha miaka 21 alipewa robo ya biashara yote, na mdogo wake Oswald naye akapewa robo yake. Kijana mwingine angeshukuru Mungu na kununua farasi wa mashindano. Yeye alifungua daftari za hesabu.

Alichokikuta humo kilimkosesha usingizi. Wafanyakazi wa duka walikuwa kama 300, na mishahara yao wote kwa mwaka ilifika pauni 16,000. Mapato ya watu watatu, yaani mzee na wanawe wawili, yalikuwa pauni 26,000. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Gawanya: mfanyakazi alipata kama pauni 53 kwa mwaka, ilhali kila mmoja wa wale watatu, tukiwagawia sawasawa, alipata pauni zaidi ya 8,600. Ni mara 160 na ushei. Tena wawili kati ya hao watatu walikuwa vijana ambao sifa yao kubwa ilikuwa kuzaliwa katika nyumba hiyo.

Jambo jingine alilolitambua ni kwamba duka halikuwa likienda vizuri kama lilivyodhaniwa. Mzee alikuwa amejaza fedha katika nyumba na ardhi, ilhali wauzaji waliovunjika moyo waliuza kidogo kuliko ambavyo wangeweza. Dhuluma ilikuwa hasara pia. Nadhani hapa ndipo Spedan alipoachana na matajiri wengi wa Uingereza waliotoa sadaka enzi hizo. Wao walimhurumia maskini baada ya saa za kazi. Yeye alishuku kwamba umaskini huo ulitengenezwa kazini, na kwamba ungeponywa hapo hapo.

Mwaka 1909 alianguka kutoka juu ya farasi alipokuwa akielekea kazini. Pafu lake liliumia vibaya, akafanyiwa upasuaji mara mbili, na karibu miaka miwili ikapita kabla ya kurejea kazini kikamilifu. Kitandani humo ndimo mpango wake ulimoiva. Mtaji, aliwaza, una haki ya kulipwa, lakini malipo yake yawe na kikomo, kama kodi ya nyumba au riba ya mkopo. Mwenye nyumba akishalipwa kodi yake hadai tena sehemu ya mshahara wa mpangaji. Basi mtaji ukishapata riba yake ya haki, faida inayosalia ni ya wale walioifanyia kazi.

Fursa ya kujaribu ilikuja mwaka 1914. Kiasi cha miaka minane au tisa kabla ya hapo, mzee Lewis alikuwa amelinunua duka la Peter Jones katika uwanja wa Sloane Square. Inasimuliwa kwamba alitembea kwa miguu kutoka Oxford Street hadi huko akiwa na noti za pauni 20,000 mfukoni. Duka hilo liliendelea kudhoofika. Mzee akamkabidhi mwanawe usimamizi wake, kwa sharti kwamba kila siku afanye kwanza kazi ya Oxford Street hadi saa kumi na moja jioni. Yaani alimpa shamba lililochoka na jembe la jioni.

Hapa yafaa tuende polepole, kwa kuwa hapa ndipo penye somo. Spedan hakuanza kwa kutangaza kwamba duka ni la wafanyakazi. Lau angefanya hivyo nani angemsadiki? Mtoto wa mzee yule mkali, azungumze habari za udugu! Alianza na mambo ambayo mtu huyaona kwa macho. Alipunguza saa za kazi, akayaboresha mabweni, akaongeza siku za likizo yenye malipo, akaweka utaratibu wa kumzidishia muuzaji kipato kadiri mauzo yake yanavyozidi. Kisha akaunda kamati za mawasiliano, ambazo wajumbe wake walichaguliwa na wafanyakazi wa ngazi za chini. Kamati hizo zilikutana naye yeye mwenyewe, na mameneja hawakuruhusiwa kuketi humo. Atakayefikiri kwamba hilo ni jambo dogo na akumbuke kikao chochote cha kazi alichowahi kukihudhuria, ambapo bosi wa karibu ameketi pale mbele akiandika majina ya wanaosema.

Mwaka 1918 alianzisha gazeti la ndani ya duka. Magazeti ya makampuni tunayajua: picha ya mkurugenzi akikata utepe, picha ya mkurugenzi akipanda mti. Hili lilikuwa jingine. Mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kuandika barua ya kulalamika au kuuliza bila kutaja jina lake, na mkuu aliyehusika alipaswa kumjibu hapo hapo gazetini, mbele ya kila msomaji. Isitoshe, gazeti lilichapisha hesabu. Muuza vifungo na nyuzi aliweza kusoma duka limeuza kiasi gani na idara yake imesimama wapi. Mambo ambayo kwingine yalifungiwa kabatini, hapo yalisomwa wakati wa chai.

Mwaka 1919 likaja baraza la wafanyakazi, na mwaka 1920 faida ikagawiwa wafanyakazi kwa mara ya kwanza. Tazama mfuatano huo, msomaji: kwanza masikio, kisha habari, kisha sauti, na fedha baadaye. Wengi wanaomsifu Spedan Lewis humsifu kwa kutoa fedha. Mimi naona zawadi iliyo kubwa zaidi ilikuwa hesabu zilizochapishwa. Mtu aliyepewa fedha tu hushukuru, na shukrani huisha. Mtu anayejua kinachoingia na kinachotoka huanza kuwaza kama mwenyewe: huzima taa isiyohitajika, humkemea mwizi, humuuliza meneja kwa nini bidhaa fulani imenunuliwa kwa bei ile. Walimu wa shule wanalielewa hili kuliko wafanyabiashara. Shule ambayo mwalimu mkuu hubandika hesabu za karo ukutani haina minong'ono ya ukumbini kama ile ambayo walimu huambiwa tu, muhula baada ya muhula, kwamba fedha hakuna.

Matokeo yalionekana. Duka lililokuwa likipata hasara ya kama pauni 8,000 lilifika, katika muda wa miaka mitano hivi, kwenye faida ya kama pauni 20,000, na hiyo ilikuwa miaka ya vita vikuu vya kwanza vya dunia.

Baba hakufurahi. Walikuwa wamegombana tayari, na mwaka 1916 walikuwa wamefanya mapatano ya kuachana: Spedan alirudisha robo yake ya duka la Oxford Street, lililokuwa na utajiri, akapewa mamlaka kamili juu ya Peter Jones. Kibiashara ulikuwa ubadilishanaji wa kichaa. Aliyaacha mapato makubwa ya hakika ili apate uhuru wa kujaribu.

Mwaka 1920 uliwapa watu wa London nafasi ya kulinganisha. Wafanyakazi wapatao 400 wa mzee Lewis waligoma katika duka la Oxford Street, wakidai malipo na masharti bora ya kazi. Mgomo uliendelea kwa wiki kadhaa. Mzee, wakati huo akiwa na umri wa miaka 84, hakusikiliza lolote, akawafuta wote waliogoma. Upande wa pili wa jiji, mwaka huo huo, mwanawe aliwagawia wafanyakazi faida. Sidhani kama historia ya biashara ina mfano mwingine wa baba na mwana waliotoa mitihani miwili mbalimbali kwa swali moja, katika mwaka mmoja.

Nisije nikaonekana kumpamba mtu, niseme kwamba mambo hayakunyooka. Mdororo wa biashara baada ya mwaka 1920 uliigonga Peter Jones kwa nguvu, na ile faida ya kugawana ikakauka kwa muda. Wapinzani walipata la kusema. Yeye hakuurudisha utaratibu wa zamani. Alishikilia kwamba wafanyakazi waliogawana neema waelezwe na dhiki, kwa takwimu zile zile na katika gazeti lile lile. Baadaye baba na mwana walipatana, na nguvu za Oxford Street zikaisaidia Peter Jones kusimama tena.

Katika miaka hiyo alianza pia kuwaajiri wahitimu wa vyuo vikuu, wakiwamo wanawake, jambo lililowashangaza wauza vitambaa wa kale ambao kwao elimu ya mwuzaji ilikuwa kujua kupima yadi. Mmoja wa wanawake hao, Beatrice Hunter, msomi wa Oxford, alifunga ndoa naye mwaka 1923, akawa mshauri wake na kwa miaka mingi naibu wake katika uongozi. Mwaka 1926 Spedan aliinunua sehemu ya Oswald. Mwaka 1928 mzee Lewis akafariki akiwa na umri wa miaka 92, na biashara yote ikawa mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakuitaka ibaki mikononi mwa mtu mmoja.

Mwaka uliofuata, 1929, alitia saini hati ya kuikabidhi biashara kwa wadhamini ili waishike kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na watakaokuja. Hisa zake zilikadiriwa kuwa na thamani ya kama pauni milioni moja. Hakuzitoa bure kabisa, wala hakuziuza kama watu wauzavyo: alikubali kulipwa polepole kutokana na faida za miaka 30 ijayo, bila riba. Yaani aliwakopesha wafanyakazi fedha za kulinunua duka lake, nao wakamlipa kutokana na faida ya duka hilo. Tangu hapo kampuni iliitwa John Lewis Partnership, na kila aliyeajiriwa humo, awe mpishi au mkurugenzi, akaitwa Mbia.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini wadhamini? Kwa nini hakumpa kila mfanyakazi hisa zake mkononi? Jibu ndilo lililoifanya kampuni hiyo idumu. Hisa iliyo mkononi mwa mtu huuzwa. Mwenye shida huuza mapema, mwenye kustaafu huuza, mwenye kufa warithi wake huuza, na mnunuzi ni yule yule mwenye fedha. Kizazi kimoja kikipita, mali hurudi kwa bwanyenye, na waliokuwa wenye mali hugeuka vibarua tena. Wakenya waliowahi kushuhudia mashamba ya kampuni za pamoja yakiishia mikononi mwa wachache hawahitaji maelezo marefu hapa. Kwa Spedan Lewis, mfanyakazi ni mwenye kampuni maadamu anafanya kazi humo. Akiondoka hachukui hisa, na anayekuja hanunui hisa. Ni kama kisima cha kijiji: kila mkazi huchota, hakuna anayekiuza.

Faida ya mwaka, baada ya kuwekwa akiba ya biashara, iligawiwa kwa kadiri ya mshahara wa kila mmoja, kwa asilimia moja kwa wote. Mkuu akipata asilimia kumi ya mshahara wake, mfagizi naye alipata asilimia kumi ya wake. Wako wanaouona huo kuwa usawa. Mimi nauona kuwa nusu usawa, kwa kuwa asilimia kumi ya kikubwa ni kikubwa. Hata hivyo, una sifa moja isiyokanika: wakubwa hawakuweza kujizidishia fungu bila kumzidishia mdogo fungu lake pia, na mwaka wa njaa ulikuwa wa njaa kwa wote.

Pamoja na mgawanyo huo aliandika katiba. Mamlaka yaligawanywa kati ya mwenyekiti, halmashauri ya wakurugenzi, na baraza kuu ambalo wengi wa wajumbe wake walichaguliwa na wafanyakazi kwa kura ya siri. Mwenyekiti alipewa nguvu nyingi mno, pamoja na ile ya kumteua mrithi wake. Lakini baraza nalo likapewa uwezo wa kumwondoa mwenyekiti akienda kinyume. Hapa tunamwona mtu aliyekuwa na mioyo miwili. Aliamini kwamba wafanyakazi ni wenye mali, ila hakuamini kwamba duka laweza kuendeshwa kwa kupiga kura juu ya bei ya kila kitambaa. Alitaka wataalamu waamue, kisha wajieleze mbele ya wenye mali. Utaratibu huo si demokrasia kamili, nao hautawaridhisha wale wanaotaka kila jambo liamuliwe mkutanoni. Mimi sioni ubaya wake, mradi ule wajibu wa kujieleza uwe wa kweli na uwe na meno.

Kosa nimwonalo nalo ni jingine. Hati ya mwaka 1929 ilimbakishia yeye binafsi udhibiti wa mwisho. Alikuwa ametoa mali akabaki ameshika usukani, na ilipita miaka 21, hadi mwaka 1950, ndipo alipotia saini hati ya pili iliyouacha usukani huo moja kwa moja bila uwezekano wa kuurudisha. Wanaomtetea husema kwamba alitaka kwanza kuona kama chombo kinaelea. Inawezekana. Lakini kujifunza uongozi huku mkufunzi ameushika mkono wako kwa miaka 21 ni kujifunza nusu tu, na Spedan Lewis, kwa tabia, alikuwa mkufunzi asiyependa kuuachilia mkono. Alikuwa mwepesi wa hasira, mwenye kuamuru, mwandishi wa waraka juu ya waraka, mrefu kuliko ilivyohitajika, juu ya mambo makubwa na madogo.

Katika miaka hiyo 21 kampuni ilikua. Jengo jipya la Peter Jones, lenye ukuta wa vioo, lilifunguliwa mwaka 1936 na likasifiwa na wasanifu wa majengo. Mwaka 1937 iliyanunua maduka 10 ya vyakula ya Waitrose. Mwaka 1940 iliyachukua maduka mengine ya mikoani yaliyokuwa ya kundi la Selfridge, na Septemba mwaka huo huo ndege za Ujerumani zikaliteketeza kwa mabomu sehemu kubwa ya duka la Oxford Street. Biashara haikufa. Maduka ya mikoani yaliibeba hadi vita vilipokwisha.

Uimara wa hati ile ya mwaka 1950 umejaribiwa katika siku zetu. Janga la korona lilipofunga maduka, kampuni ilitangaza mwaka 2020 kwamba mwaka uliofuata Wabia hawangepata mgao wa faida, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1953. Mwaka 2023 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba viongozi walikuwa wakifikiria kuuza sehemu ya kampuni kwa mwekezaji wa nje ili wapate mtaji. Kelele zilizozuka zilikuwa kubwa, na nyingi zilitoka ndani. Wazo hilo liliachwa. Wabia, ambao wakati huo walikuwa zaidi ya 70,000, walibaki kuwa wenye kampuni pekee, ingawa baadhi yao walikwisha kupoteza kazi maduka yalipofungwa. Umiliki haumkingi mtu na soko baya, wala Spedan Lewis hakuwahi kudai hivyo. Humpa tu haki ya kujua kwa nini, na ya kusema.

Nyumbani mambo hayakumwendea kwa wema. Mwanawe wa kwanza alifariki angali mtoto mdogo. Mwana mwingine alipokua hakutaka kuurithi uenyekiti, na ukitafakari utaona kwamba huo ulikuwa ushindi wa mafundisho ya baba, hata kama ulimuuma baba. Beatrice alifariki mwaka 1953. Alikuwa amezieleza fikra zake katika vitabu viwili, kimoja cha mwaka 1948 na kingine cha mwaka 1954, vyote viwili vinene na vya kuchosha kidogo, kama zilivyokuwa nyaraka zake.

Mwaka 1955, alipofikisha umri wa miaka 70, alistaafu kama kanuni zake zilivyomtaka, akamwachia kiti Bernard Miller, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni hiyo kwa miaka mingi. Alihamia kabisa kijijini Longstock, jimbo la Hampshire, kwenye bustani yake ya maji na maua. Bustani haikumtosha. Baada ya muda si mrefu alijuta kuondoka, akaanza kuona kasoro katika kila alilofanya Miller, akalalamika kwa maandishi, akataka kusikilizwa. Lakini alikuwa amezifunga kamba vizuri mno. Hakuwa na hisa ya kupigia kura, hakuwa na kiti, wala hakuna sheria iliyomruhusu mwasisi kurudi. Alibaki na kile alichokuwa amempa muuza vifungo wa Sloane Square mwaka 1918: haki ya kuandika barua na kungoja jibu.

Alifariki tarehe 21 Februari 1963, akiwa na umri wa miaka 77. Bernard Miller aliendelea kuongoza hadi mwaka 1972, na lile gazeti likaendelea kuchapisha barua zisizo na majina pamoja na majibu ya wakuu.